Katoni ya Mazoezi

Mkuu wa zamu alikuwa akichomoa nyaya ukutani huku maji yakimlamba vifundo vya miguu. Chumba cha simu za dharura kilikuwa kinazama, lakini magari ya wagonjwa yalikuwa bado njiani, na moja, Namba Tatu, lilikuwa limembeba mke wa mwanawe, uchungu umemshika.

"Redio ipo?" aliuliza kwa sauti.

"Ninayo, Mama!" Fundi alijibu, amekumbatia katoni kifuani, mbio kuelekea shule ya mlimani walikokuwa wakihamia.

Darasani, simu za mezani zilianza kulia zilipochomekwa tu. Ya kwanza ilikuwa ya askari: daraja la chini limekatika. Mkuu akasimama wima. Mkwewe alikuwa anapelekwa huko huko, na simu za mkononi zilikuwa zimekufa tangu asubuhi.

"Fungua redio, mwanangu. Upesi!"

Fundi akafungua katoni. Mlikuwa na matofali mawili.

Kila walipofanya mazoezi ya kuhama walibeba katoni ile badala ya redio yenyewe, maana mkubwa wa kituo aliogopa redio isije ikaanguka. Mazoea yana taabu; siku ya siku, mikono ikabeba ilichozoea.

"Mama, nimebeba matofali," Fundi akasema, uso umemshuka.

"Nayaona, baba. Redio nyingine iko wapi?"

"Si iko kwenye gari lililoleta viti!" akadakia mpokea simu. "Lipo hapo nje!"

Mkuu akatoka mbio, viatu mkononi. Dereva wa gari hilo, aliyeitwa Bubu kwa kuwa hanyamazi, akampisha kiti chake bila neno, mara ya kwanza maishani.

"Namba Tatu, simameni! Daraja limekatika, piteni njia ya juu!"

Redio ikakwaruza. Ikakwaruza tena.

"Tumesimama, Mama. Maji tunayaona mbele yetu. Tunageuza."

Nyuma ya dereva wa Namba Tatu ikasikika sauti ya mwanamke, pumzi juu juu: "Mwambieni mama mkwe asipige kelele, nina kazi hapa!"

Bubu akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Mkuu akajifuta macho, akabaki kwenye kiti kile. Wapokea simu wakawa wanapaza ujumbe dirishani, naye anaupeleka kwa madereva.

Jioni Fundi akaja, suruali ameikunja magotini. "Nikaifuate redio yetu?"

"Maji bado marefu. Kesho. Leo nisogezee simu moja hapa dirishani, sauti imenikauka."

Fundi akaanza kuvuta waya. Haukufika. Akatafuta mwingine wa kuunga, na darasani simu ikalia tena.