Kitambaa cha Njumu ya Kushoto

Kitambaa kiligoma kushika moto. Abubakari alikuwa amekitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, nyuma ya chumba cha kufulia jezi, akakinyunyizia chumvi ya mawe kama inavyotakiwa, na bado kilifuka moshi tu bila kuwaka. Alikichokoa kwa kijiti huku akisoma Ayatul Kursi. Alipowasha kiberiti kingine, kitambaa kikajikunja, kikawa cheusi, kikaisha. Akashusha pumzi. Kitu kinachokataa kuungua, alijiambia, ndicho hasa kilichostahili kuchomwa.

"Abu, unachoma nini huko?" Laban, mchua misuli wa klabu, Mkenya kutoka Kisii, alikuwa mlangoni na taulo begani.

"Uchafu. Nimeukuta ndani ya njumu ya Thura."

"Uchafu gani?"

"Kipande cha nguo ya kike, cha zambarau, kikuukuu, kimepigwa fundo katikati. Leo, siku ya mechi! Wewe wadhani kimeingia chenyewe?"

"Aki nyinyi watu wa Tanga," Laban alisema. "Si ungemuuliza mwenyewe kwanza?"

"Mtu haulizwi kama anataka nyoka auawe. Unaua."

Abubakari hakuwa mjinga wa mambo hayo. Kabla ya kuja Doha na kuwa mtunza vifaa wa klabu hii ndogo ya Muaither, alikuwa kipa, na kwao kila timu ilikuwa na kamati ya ufundi ambayo haikumfundisha mtu kupiga mpira. Aliwahi kuona wachezaji wazima wakiruka ukuta wa uwanja ili wasipite getini, na aliwahi kufukua tambara chini ya mlingoti wa goli lake mwenyewe. Kwa elimu hiyo, nguo ya kike ndani ya njumu ya mshambuliaji haikuhitaji mfasiri.

Na mshambuliaji mwenyewe hakuwa wa kuachiwa mahasidi. Thura Lwin alitoka Burma. Aliitwa timu ya taifa akiwa kijana wa miaka kumi na minane, akafunga bao katika mechi yake ya kwanza, na kwa miaka kadhaa jina lake liliimbwa Yangon nzima. Kisha ikaja nusu fainali ya mashindano ya kanda, nyumbani, uwanja umefurika. Akakosa bao lango likiwa tupu, bao ambalo hata bibi kizee angelisukuma kwa mkongojo. Usiku ule watu walikwenda kuirushia mawe nyumba ya mama yake. Hakuitwa tena. Alihamia Malaysia, kisha Doha, akawa anafungia mabao viwanja visivyo na watu, na kila mara Burma ilipocheza alizima simu.

Sasa timu yake ya taifa ilikuwa imekuja hapa hapa Doha kucheza na wenyeji. Mshambuliaji wao kijana alichanika msuli mazoezini, na kocha akakumbuka kwamba katika mji huu kuna mzee wa kazi. Mzee mwenyewe ana miaka thelathini na moja. Thura alihamia hotelini kwa wenzake, mtaa wa Al Sadd, akamwachia Abubakari njumu zake za zamani azigundishe soli. Alisema hawezi kuichezea nchi yake na viatu vingine. Wote wawili walijua kwamba mlango huu ukifungwa leo, haufunguliwi tena.

Simu iliita Abubakari akiwa anaosha kopo.

"Kaka Abu," Thura alisema. Walizoea kuzungumza kwa Kiarabu cha kuokoteza, Kiingereza cha uwanjani na Kiswahili ambacho Thura alikichota chumba cha kufulia. "Njumu ya kushoto, ndani, kuna kitambaa. Usikitoe. Ni cha mama yangu."

Abubakari alitazama majivu yakizunguka kwenye mdomo wa bomba la maji machafu. "Sawa," alisema.

Njiani kwenda hotelini alimweleza Laban habari ya simu ile. Laban aliendesha gari, yeye akapakata njumu.

"Mi nakuambia, nyamaza," Laban alisema. "Mwambie baada ya game. Ukimwambia saa hii, umemmaliza."

"Ataingiza mkono ndani."

"Basi tumtafutie ingine. Kitambaa ni kitambaa."

Walisimama mbele ya duka la vitambaa, Al Sadd. Abubakari aliingia, akaomba aoneshwe zambarau. Muuzaji alimwekea majora mezani, na moja lilikaribia sana rangi aliyoikumbuka. Likipigwa na maji ya moto na kusuguliwa kwenye sakafu, lingeonekana kuukuu. Alilishika. Akamwona akilini Thura akivaa kipande cha dukani, akikiamini, akiingia nacho uwanjani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akalirudisha jora na kutoka mkono mtupu. Laban akawasha gari.

Thura alikuwa peke yake chumbani, amekaa kitandani na jezi ya nchi yake. Basi la timu lingeondoka baada ya alasiri. Alizipokea njumu kwa mikono miwili, akaingiza vidole ndani ya ile ya kushoto. Akavitoa. Akavirudisha tena.

"Kiko wapi?"

Abubakari angeweza kusema kimebaki klabuni. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa nguo. "Nimekichoma," alisema. "Nilidhani umerogwa. Kwetu mtu akitaka kukuvunja miguu hutia kitu kama kile. Nilikuwa nakulinda, ndugu yangu. Wallahi nilikuwa nakulinda."

Thura aliziweka njumu sakafuni.

"Kwetu," Thura alisema, "mwanamume hapiti chini ya nguo ya kike iliyoanikwa. Nguvu zake hushuka. Lakini ya mama ni kinyume. Mtoto akienda vitani, mama hukata pindo la nguo yake anayojifunga kiunoni, mtoto akaondoka nalo. Mama alinikatia siku nilipoitwa mara ya kwanza. Kwenye klabu sikivai. Klabu ni kazi." Alivuta pumzi. "Amekufa nikiwa hapa. Nguo zake wamegawiwa majirani. Umemchoma mama yangu, Kaka Abu."

"Nisamehe."

"Khalas. Mwambie kocha naumwa."

"Thura!"

"Walipiga mawe nyumba yake kwa sababu ya mguu wangu. Yeye akatoka nje akawaambia mwanangu atarudi kucheza. Nilitaka kurudi naye. Peke yangu siendi."

Abubakari aliketi chini, kwenye zulia. Alikuwa amejiona mlinzi maisha yake yote. Golini, kwenye jezi, kwa marafiki. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumlinda mwenzake mpaka akamvua nguo. Alilia, na hakujificha.

Thura alimgeukia. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai. Yuko Muheza."

"Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Kwetu mtu hatoki kwenda jambo kubwa bila mzazi kumtakia heri. Wangu hayupo. Mpigie wako."

"Mama yangu ataomba kwa Mungu wake, Thura."

"Mama ni mama."

Bi Mwanahamisi, mama yake, alipokea simu kwa sauti ya mtu aliyeachishwa kukuna nazi. Abubakari alimweleza yote, hakuficha hata chumvi. Mama akafoka.

"Abu! Umechoma nguo ya marehemu? Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mama."

"Akili zako bado zimelala golini. Mpe simu huyo mtoto."

Abubakari aliweka simu kwenye zulia na kufungua spika. Thura aliruka akaiokota haraka kabla miguu ya mtu yeyote haijaielekea, maana kwao mzazi haelekezewi miguu, akaiweka juu ya mto, juu ya kitanda. Akapiga magoti, akaunganisha viganja, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Mbona hasemi?" Bi Mwanahamisi aliuliza.

"Anakusujudia, mama."

"Astaghfirullah! Mwinue! Mwambie asujudu kwa Mungu, mimi anisalimie tu."

"Ndiyo salamu yao, mama. Wanawainamia hivi wazazi."

Bi Mwanahamisi akakohoa. "Haya. Anaitwa nani?"

"Thura."

"Na mama yake? Dua haisomwi kwa jina tupu, mtu hutajwa na aliyemzaa. Nipe jina la mama yake."

Abubakari alifasiri. Thura aliinua uso. Ilionekana ni muda mrefu hajalitamka jina lile mbele ya mtu. "Khin Mya," alisema.

"Khini Mia," Bi Mwanahamisi alirudia taratibu, akilijaribu ulimini. Kisha sauti ikashuka, ikawa ile ya dua, Kiarabu kikichanganyika na Kiswahili, na katikati yake jina likatajwa, likatajwa tena: Thura mwana wa Khini Mia, miguu yake, macho yake, kwenda kwake na kurudi kwake. Mabega ya Thura yalikuwa yanatikisika. Dua ilipoitikiwa amina, Thura alikaa vile vile chini mpaka Laban alipobisha mlangoni kusema basi limewashwa. Thura alifunga kamba za njumu bila kumtazama Abubakari. Hakumpa mkono. Akatoka.

Jioni, uwanjani, Abubakari alikaa kati ya vibarua wa Kiburma waliokuja kutoka Lusail na bendera zao. Thura alikuwa benchi. Kipindi cha kwanza kikapita, wenyeji wanaongoza kwa bao moja. Cha pili kikasogea, kocha hageuki. Abubakari aliwaza huenda Thura amesema anaumwa licha ya dua ile. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Mwanangu vipi?" Bi Mwanahamisi aliuliza.

"Mzima, mama. Nipo uwanjani."

"Si wewe. Huyo mwingine. Ameingia?"

Pale kando ya mstari Thura alikuwa amevua koti la mazoezi. Vibarua walikuwa wameanza kulitaja jina lake, kwanza wachache, kwa woga, kama watu wasiojua wataruhusiwa.

"Anaingia sasa, mama."

"Basi kata simu. Nipo kwenye msala, namwombea."

Ikakatika kabla hajajibu. Abubakari akasimama pamoja na wengine.