Kadi Niliyoikata Mwenyewe

Mama alikuwa wa tisa kwenye foleni nilipofika pale ofisi ya wakimbizi, mimi jasho linanitiririka mpaka kwenye nyusi. Orodha ya wanaorudi kwao ilikuwa inafungwa saa sita. Ukishaweka dole gumba, kibali chako cha kuishi hapa kinachanwa mbele ya macho yako, na kesho yake unapanda lori. Walioondoka mwezi uliopita walikuta nyumba zao zina watu wengine, tena wenye mapanga. Na mama yangu ana miaka sabini na mbili, ana kisukari. Huko nani angemtafutia sindano zake?

Kisa chote ni kadi. Mimi ni mkata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji. Kila mwaka mpya kanisa letu linaagiza kadi za maneno ya manabii wa Kiebrania, kila muumini anachota yake kikapuni, na hiyo ndiyo ahadi yake ya mwaka. Mama alichota ya yule nabii aliyewaandikia mateka: kwamba Mungu atawakusanya kutoka kote walikotawanywa na kuwarudisha kwao. Akalia, akafunga sanduku siku hiyohiyo. Nikasema ni mambo ya wazee, yatapita. Yapite wapi.

Asubuhi hiyo mama alikwenda kujiandikisha. Nami kazini, nikitafuta vipimo kwenye faili, nikauona mswada aliotuletea mchungaji. Barua ya nabii ilikuwa ndefu, na mstari mwekundu ulioikata ulikuwa wangu. Kadi ndogo, maneno hayakuenea, nikabakiza mkia. Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nikaacha mashine inanguruma, nikauchukua mswada, nikatoka mbio.

"Mama, toka kwenye foleni. Kadi yako ina kasoro."

"Usinianze. Mungu hakosei."

"Mungu hajakosea. Nimekosea mimi, niliikata."

Mzee aliyekuwa mbele yetu akageuka. "Binti, hata Mungu unampunguzia maneno?"

Nikamwambia ashughulike na zamu yake. Nikamsomea mama ule mswada. Kwanza nabii anawaambia wajenge nyumba wakae, waoze watoto wao, wauombee heri mji waliopelekwa, maana heri yake ndiyo heri yao. Wasiwasikilize wanaowadanganya. Kurudi kutakuja, lakini baada ya miaka sabini.

Foleni ikasogea. Wakabaki watatu, kisha wawili.

"Sabini," mama akasema. "Sisi tuna mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Kwa hiyo walioipokea hiyo barua walifia hukohuko."

Hapo mawazo yangu hayakuwa yamefika. Nilikuja kushinda ubishi, sikuja kumwambia mama yangu kwamba atafia ugenini. Nikaanza kuikunja karatasi.

"Nijibu, wewe mwenye mdomo."

"Ndiyo, mama. Wengi wao. Waliorudi ni watoto wao."

Karani akaita anayefuata. Mama akasogea dirishani, akakitazama kile kidau cha wino, akanyoosha dole gumba. Sikuthubutu kumgusa. Kidole kikakaa hewani. Kisha akakifuta kwenye gauni, ingawa kilikuwa kikavu, akamwambia karani, "Mwite mwingine."

Nje aliketi ukingoni mwa mtaro. Nilitaka kumkumbatia, akausukuma mkono wangu.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika. Ukivuka daraja usifuate barabara kubwa. Shika kushoto penye mashine ya kusaga, uhesabu nyumba tatu. Mlango wetu unafungukia nje, kwa sababu baba yako aliutia vibaya na hakutaka kukosolewa." Akangoja nimalize kuandika. "Nyuma kuna makaburi mawili ya kaka zako. Angalia usiyakanyage."

Mimi nililetwa huku mgongoni, na maisha yangu yote nimejijua mtoto wa pekee. Nikamuuliza majina yao, nikayaandika.