Kibanja Kilichohudhuria Onyesho

Jumamosi mchana, Philbert, mpiga piano, alikuwa amepiga magoti chini ya piano ya ukumbi wa usharika mjini Bukoba, akifunga kanyagio kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Elieth alisimama kando yake akikaza nyuzi za viola, ile ndugu ya fidla iliyo kubwa kidogo na yenye sauti nzito.

"Wewe piga tu," Philbert alisema kutoka chini. "Ukikosea nitakohoa."

Elieth hakucheka. Ukoo wake ulikuwa umeanza kuingia, na haukutoka kijijini Kagoma kwa ajili ya muziki. Baba yake, Bartholomayo, alikuwa amefariki bila kuacha mtoto wa kiume, na siku hiyo walikuwa wakianua matanga. Elieth aliomba kwanza apige muziki wa kumkumbuka, kisha ukoo umtangaze mrithi. Kila mtu alijua mrithi ni Rutaihwa, mdogo wa marehemu. Kilichomnyima Elieth usingizi ni mama yake, Kokushubila: je, angeachiwa sehemu ya juu ya kibanja, shamba lao la migomba na mibuni, sehemu yenye nyumba na kaburi la mumewe?

Kabla ya kufa, Bartholomayo alikuwa amepanda safu ya milamula, ile mimea ambayo Wahaya huiweka mpakani, akasema mbele ya wazee kuwa upande wa juu ni wa mkewe. Baada ya mazishi safu ile iling'olewa. Rutaihwa alisema haijawahi kuwepo, na wazee wakasema siku hizi macho yao yana ukungu. Kikao cha namna hii hufanyika nyumbani, kibanjani. Rutaihwa ndiye aliyeomba kihamie mjini, akidai wazee wana magoti mabovu na ukumbi una viti. Alikuwa na huruma sana na magoti ya watu, mwaka ule.

Kipande cha kwanza kilipita salama. Mtu mmoja wa nyuma aliuliza tarumbeta zitaanza saa ngapi, akanyamazishwa.

Kipande cha pili kilikuwa cha polepole. Elieth aliposhuka kwenye uzi mzito kuliko yote, saruji ilipasuka karibu na mlango na mgomba ukatoka. Ukafuata mwingine. Watu walisogeza viti kupisha. Mibuni ilisimama chini ya madirisha, matunda yake yakiwa yameanza kuwiva, na mzee wa kanisa alileta ufagio akakusanya vipande vya saruji pembeni. Kaburi la Bartholomayo lilijitokeza mbele ya piano, pamoja na msalaba wake. Philbert aliuvuta mguu mmoja, akaendelea kupiga kwa kanyagio moja.

Mwisho ikaota milamula, katika njia ya katikati ya viti, ikanyooka kutoka mlangoni hadi jukwaani. Kokushubila alikuwa amekaa upande wa juu, ule wenye kaburi. Rutaihwa alikuwa upande wa chini.

"Si kibanja cha Bartholomayo hiki?" aliuliza Ndyamukama, mkuu wa ukoo.

"Ndicho, waitu," alijibu jirani yake, kwa neno la heshima la Kihaya. "Tungoje muziki uishe."

Walingoja. Ulipoisha walipiga makofi, kisha Ndyamukama akainuka na kushika jani la mlamula kwa vidole viwili.

"Mpaka ulikuwepo," alisema. "Ulipandwa nikiwa nimesimama pale."

"Ulikuwepo, waitu," alisema Rutaihwa. "Sibishi tena."

Elieth alifurahi. Aliilaza viola juu ya piano. Alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa akiwatazama wazee.

"Basi tumeuona wote," Ndyamukama aliendelea. "Lakini mwanamke hukaa kibanjani, hakishiki. Kesho akiolewa kwingine, ukoo utakidai kwa nani? Mrithi ni Rutaihwa. Juu na chini."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeonekana kuona haya, na hilo lilimuumiza Elieth kuliko uamuzi wenyewe.

"Baba mdogo," alisema, "kaburi la baba liko upande wa mama. Nyote mmeliona."

"Nitalitunza, mwanangu," Rutaihwa alisema kwa upole. Alikuwa anasema kweli. Angelipaka rangi kila Krismasi.

Kahawa ya kutafuna ilizungushwa, na watu wakamsifu Elieth kwa muziki. Mzee wa kanisa alisema migomba itaachwa ilipo, maana inatia ubaridi, na harusi ya wiki ijayo itapanga viti kuizunguka. Rutaihwa aliupapasa mkungu uliokomaa, akaagiza panga.

Kokushubila hakuwa amengoja kahawa. Alikuwa ameingia kati ya migomba na kuanza kuondoa majani makavu, kama alivyofanya kila siku tangu alipoolewa.

"Shemeji, acha," Rutaihwa alimwambia. "Vijana wangu watafanya."

Aliacha. Majani hayo alikuwa akiyatandaza chini ya mgomba, bila kufikiri, maisha yake yote. Sasa alisimama nayo kifuani, akamuuliza Rutaihwa ayaweke wapi.