Sauti ya Bundala

Ukitaka kujua kwamba umezeeka katika muziki, ingia studio uone ni nani wa kwanza kuulizia kiti. Siku hiyo tuliulizia sote watatu. Winnie, prodyuza wetu, alikuwa na viti viwili tu hapo Bariadi, kwa hiyo mimi nilikalia kreti ya soda, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikisubiri zamu yangu ya kuimba mapenzi.

Sisi ndio Dagaa Stars wa Lamadi: mimi, Bundala na Nuruddin. Jina tulijipa wenyewe tulipoanzia mwaloni, panaposhushwa dagaa kando ya ziwa, kwenye harufu ileile, tukidhani tutalibadilisha tukishapata umaarufu. Umaarufu ulikuja haraka, ukaondoka haraka zaidi, jina likabaki. Wimbo wetu wa “Lukresia” bado unapigwa harusini kuanzia Busega hadi Meatu, na wanaoucheza wanadhani waimbaji tulishakufa. Siwalaumu. Kuna asubuhi ninaamka nikidhani hivyohivyo.

Tulikuwa na utaratibu wetu wa kutunga. Bundala ndiye aliyeanza. Alikuwa anaguna kitu kutoka kifuani, chini kabisa, sauti nene isiyo na neno hata moja. Nuruddin anaifuata kwa gitaa, mimi nakuja mwisho na maneno. Bila mguno wa Bundala sikuwahi kupata mstari. Nilishajaribu peke yangu nyumbani, nikaishia kusinzia.

Wimbo huu wa sasa tuliutungia dukani kwa Nuruddin, kati ya mteja wa sukari na mteja wa sabuni. Ulituchukua tangu palizi ya pamba mpaka mavuno. Siku nyingine tulikaa mchana kutwa tukapata nusu mstari, tukanywa chai, tukaagana tumechoka utadhani tumetoka kulima. Lakini mguno ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kutoa Bundala, na tulikubaliana uwe wimbo wetu wa mwisho. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: tusikike sote watatu, halafu nikapumzike.

Winnie hafanyi kazi kama tulivyozoea. Kwake kila mtu anaingia peke yake kwenye kijichumba kilichobandikwa magodoro ukutani, anavaa hedifoni, anaimba kipande chake, anatoka. Nuruddin akaingia, akatoka. Nikaingia, nikatoka nikikohoa. Akaingia Bundala, na mambo yakaharibika.

Alichelewa kuanza. Akirudia, anawahi. Sauti ilipanda pasipostahili, ikatangatanga kama ng'ombe aliyeachwa na kundi. Winnie alimrudisha mwanzo mpaka nikaacha kuhesabu, kwa upole, akimwita babu, halafu akatugeukia na kuuliza kama mzee anaumwa.

Tulijua kwamba masikio yake hayakuwa mazima. Miaka aliyofanya kazi kiwandani, akisimama kando ya mashine za kuchambua pamba, ilikuwa imeyamaliza kidogo kidogo. Hatukujua kwamba yamefikia hapo. Dukani alikaa siku zote ametuelekea, macho kwenye midomo yetu, kiganja kimelala juu ya gitaa la Nuruddin. Sisi tulidhani ni mazoea ya uzee. Mle ndani hapakuwa na midomo wala gitaa.

Winnie akasema kwa sauti ya kutuonea huruma kwamba anaweza kumwondoa, kompyuta ikajaza sauti ya chini, na hakuna msikilizaji atakayegundua. Nuruddin akajibu basi, afanye hivyo, gari la Lamadi halitatusubiri. Nilitaka kugomba. Magoti yalikuwa yananiuma, nikakaa kwenye kreti yangu, nikawaachia.

Bundala alitoka akijifuta jasho. Nuruddin akamwonyesha dole gumba. Winnie akaachia wimbo, na kwa kweli ulikuwa msafi, kila kitu mahali pake. Bundala akasogea kwenye spika, akaweka kiganja juu yake, akainamisha kichwa. Akangoja mguno wake umtetemeshe kiganja. Kiitikio kikaja, kikapita. Akatutazama midomoni, mmoja baada ya mwingine.

“Mayu Evalina,” akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, “mimi simo.”

Angekasirika ingekuwa afadhali. Aliokota kofia yake kwenye kiti, akaipangusa vumbi lisilokuwepo.

“Kama mmenichoka mngeniambia usoni. Usoni nasikia.”

Nilimshika mkono asiondoke, nikamwambia Winnie afute vyote, kipande changu pia, atoe maikrofoni moja aisimamishe katikati ya chumba. Winnie akanieleza kwamba hivyo makosa hayataondoleka, kila kitu kitashikana. Nikamwambia ndivyo tulivyo. Nuruddin akanung'unika kuhusu gari. Nikamjibu atalala Bariadi, hajawa mfalme.

Tukakaa magoti kwa magoti, mimi na kreti yangu. Bundala akaweka kiganja juu ya gitaa, akanikazia macho mdomoni, akaguna. Ule mguno ukaniingia kifuani kama zamani, na maneno yakaja yenyewe. Sauti yangu ilikatika pale juu. Nuruddin alikosea uzi. Bodaboda ilipita nje, nayo ikaingia kwenye wimbo.

Tulipomaliza Winnie aliuliza kama turudie. Hakuna aliyekuwa na pumzi ya kurudia. Akaturushia tulichoimba, na makosa yote yalikuwemo.

Bundala alikuwa ameshasimama kwenye spika, kiganja juu yake, macho ameyafumba. Hakuniuliza kama ni mzuri. Ndipo nilipoelewa kwamba wimbo ule, ambao ni yeye aliyeuanzisha, hakuwahi kuusikia hata siku moja, na hatausikia. Nikajikongoja mpaka pale, nikaweka kiganja changu kando ya chake.

Alikuwemo.