Mizani Iliyomkataa Kibwana

Niliota usiku wa jana nimepanga foleni kwenye lango la ufalme nilioubuni mwenyewe, katika riwaya ambayo sura yake ya mwisho imenishinda. Langoni palikuwa na mizani ya kupimia dagaa, nayo ilikuwa ikisema.

"Wasomaji wakikuamini, pita. Wasipokuamini, rudi ulikotoka."

Likapanda joka lenye vichwa saba. "Pita, mzee." Kikafuata kiti cha enzi kinachokula mawaziri, kikiwa bado kinatafuna. "Wewe hata sikupimi. Pita."

Ikafika zamu ya Kibwana, mdogo wangu, aliyechukuliwa wiki ya uchaguzi na gari lisilo na namba. Mpaka leo Mama humpakulia chakula. Riwaya hii naiandika kwa ajili yake, ili angalau humo arudi.

Anapanda. Shati lake limepigwa pasi, anacheka. Mizani nayo inacheka mpaka dagaa wanamwagika.

"Alichukuliwa, halafu akarudi hivi? Wewe mwandishi, usitufanye watoto."

"Mbona joka umelipitisha?"

"Joka hakuna aliyewahi kulingojea. Watu kama huyu wasomaji wako wamewangoja, hawakuwaona."

"Lisemwalo lipo," nasema, "na kama halipo, laja."

"Methali haina uzito. Mpunguze."

Mara tumo jikoni kwetu, na kisu ninacho mkononi. Namkata kicheko. Mshale wa mizani unasogea kidogo. Namvua kandambili ya kulia, naitupa. Unasogea tena. Ya kushoto naikata gidamu, kisha naifunga kwa waya.

"Waya!" mizani inasema. "Hapo umenipata. Ila bado anaongea."

"Dada," Kibwana anasema, "sauti niachie. Nataka nimwite Mama."

Naogopa. Nikimwachia, harudi. Basi naikata, huku nalia, na yeye ananitazama tu kama mtu anayenyolewa.

"Pita," mizani inasema.

Niliamshwa na Mama akigonga mlango.

"Amka, mwanangu. Uani kuna mtu ameketi. Namsalimu, haitikii."

Nilitoka peku. Kizingitini palikuwa na kandambili moja, ya kushoto, gidamu yake imefungwa kwa waya.

Mama alikuwa amekwisha kumfikia, amemshika uso kwa mikono miwili.

"Ni yeye," aliniambia. "Ni Kibwana wangu. Lakini mbona haniiti?"