Anayezunguka Hahesabiwi

Katika ofisi ya mipango miji kulikuwa na bwana mmoja aliyeheshimika kwa jambo moja kubwa: hakuendesha gari. Wenzake walipokuwa wakitafuta funguo na kulalamikia foleni, yeye alifunga kamba za viatu vyake vya soli nene, akashika njia. Kwenye semina alisimama mbele ya watu akasema jiji lililostaarabika hupimwa kwa nyayo, si kwa magurudumu. Watu wakapiga makofi. Wakambandika jina la Bwana Miguu, naye akalipokea kwa unyenyekevu wa mtu aliyekuwa akilingojea.

Ukweli ni kwamba Bwana Miguu alikuwa mwoga. Enzi za ujana wake alijaribu kujifunza, akaliingiza gari la mwalimu mtaroni, na mwalimu akatokea dirishani huku akimwambia kwamba kila mtu ana kipaji chake. Tangu hapo ule woga ulikaa tumboni, ukanenepa, ukavalishwa tai, ukaitwa msimamo. Mwenyewe alilijua hilo vizuri. Alikuwa mtu wa kuchora barabara za wenzake, makutano na mizunguko na njia za kupishana, ilhali ukimweka nyuma ya usukani hajui akanyage wapi gari lisimame. Mganga hajigangi, alijiambia, na kwa kuwa methali ni ya wahenga, akajihesabu kuwa amesamehewa na wahenga.

Aliyemvua huo msimamo ni mkewe. Asubuhi moja mama huyo aliteleza bafuni akavunjika mguu. Gari lake, maana gari lilikuwa la mke, lilikuwa limeegeshwa pale pale mlangoni, lina mafuta, lina kila kitu isipokuwa dereva. Bwana Miguu akatoka mbio, akigonga mlango huu na ule, hadi akampata fundi cherehani wa nyumba ya tatu, aliyekuja na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Njia nzima mke yuko kiti cha nyuma anauma meno. Walipofika hospitali akamgeukia.

"Mume wangu, miguu yako wewe yote miwili ni mizima. Imenisaidia nini?"

Kabla ya wiki kwisha akajikuta mikononi mwa shemeji yake.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wake mkewe, mjane aliyewahi kuendesha malori ya safari ndefu, na sasa alikuwa na shule ya udereva yenye gari moja, mwalimu mmoja, na ofisi isiyokuwepo. Darasa lake lilikuwa uwanja wa maegesho wa duka kubwa lililofungwa zamani huko pembezoni mwa jiji. Duka lenyewe lilibaki kuta na vioo vilivyobandikwa magazeti, lakini uwanja ulikuwa mpana, lami yake nzuri, na mistari myeupe ya kuegeshea bado inaonekana. Hapo alifundisha watu wazima, wale ambao umri umeenda na aibu imekua pamoja nao. Kwa kazi hiyo alisomesha wanawe na kumtunza mama yake mzazi. "Huku hakuna anayekuona," aliwaambia wote, "ukizima gari mara kumi, umezima mbele yangu tu."

Na kweli alikuwa hasemi. Kumtaja mwanafunzi kabla hajapata leseni kwake ilikuwa mwiko. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na shemeji alikuwa mwosha asiyepiga soga.

Sasa balaa lilianzia hapo. Wakati huo huo ofisi ilikuwa inaandaa mpango wa kufufua vitongoji vilivyolala: maduka yaliyokufa, viwanja vilivyotelekezwa, maghala yasiyo na kitu. Uwanja ule ulikuwamo. Pangejengwa nyumba za ghorofa, bustani na kituo cha basi, na aliyechora yote hayo ni Bwana Miguu mwenyewe, akayapamba kwa miti. Mpango haukuwa mbaya, watu walihitaji nyumba kweli. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba mahali hapatumiki. Hapo ndipo bwana wetu alipotia ufundi: wahesabuji wasimame getini saa za kazi, na kila anayeingia au kutoka ahesabiwe. Alijivunia sana utaratibu huo. Tena moyoni alijiambia kwamba wanafunzi wa shemeji wataonekana tu kwenye hesabu, uwanja utaokolewa na takwimu, na yeye hatalazimika kufungua kinywa.

Alichosahau ni siku. Yeye ndiye aliyeidhinisha ratiba, lakini mtu anayesaini karatasi nyingi mwisho hukumbuka kalamu tu. Mchana huo aliaga ofisini kwamba anakwenda kukagua eneo, neno ambalo kwa kiasi fulani lilikuwa kweli, akaingia kwenye gari la shemeji, wakaanza kuzunguka. Alikuwa mzunguko wa tatu, anajisifu kimoyomoyo kwa kubadilisha gia bila kelele, alipoinua macho akaona getini watu wawili wamevaa vizibao vya ofisi yake, wamechelewa, ndio kwanza wanafika.

Bwana Miguu akazama chini ya usukani.

"Shemeji! Nani anaendesha gari?" shemeji akapiga kelele, akikamata usukani kutoka upande wake.

"Wewe! Endesha wewe! Wale ni watu wangu!"

"Niendesheje na miguu yako ndiyo iko kwenye kanyagio? Toa klachi pole pole. Pole pole, nimesema!"

Wakaendelea hivyo, mkuu wa mpango amejikunja kama mwizi wa kuku, anakanyaga asichokiona, na shemeji anashika usukani kwa mkono mmoja huku machozi ya kicheko yanamtoka. Kutoka hawakuweza, maana geti ni lile lile. Gari jingine la mwanafunzi, bibi mmoja aliyeachiwa gari na marehemu mumewe, nalo lilikuwa ndani linazunguka kwa mwendo wa kinyonga. Wahesabuji waliyaona yote mawili. Lakini maelekezo yalisema anayeingia na anayetoka, hayakusema lolote juu ya anayezunguka, na wao walikuwa watu wa kufuata maelekezo. Saa za kazi zilipokwisha wakakunja vizibao, wakaenda zao. Muda mfupi baadaye wanafunzi wengine wakaanza kuingia mmoja mmoja, kila mtu akitokea kazini kwake.

Ripoti ilipomfikia mezani, kwenye mstari wa uwanja ule palikuwa na sifuri, nene, ya duara. Bwana Miguu akaitazama muda mrefu. Kuisahihisha ilikuwa kazi ya dakika moja, ila ukweli ungemtaka aeleze ameujulia wapi. Akasaini. Kisha akaenda kununua chai, akaiacha ipoe.

Tangazo lilipobandikwa kwenye kuta za duka, shemeji alikuja nyumbani kwao jioni hiyo hiyo. Hata kuketi hakuketi.

"Shemeji, nimesoma kwamba pale mahali hapana mtu. Tena chini kuna jina lako."

"Mambo ya ofisi yana taratibu zake," akasema Bwana Miguu, akitafuta kitu cha kutazama.

"Sikuombi uvunje taratibu. Kuna mkutano wa maoni. Nitasimama niseme kazi yangu iko pale. Wewe useme tu ulichokiona kwa macho yako. Uwanja mwingine kama ule mimi sina, na gari bila uwanja ni bati tu."

"Nitaangalia."

Mke wake, mguu bado una plasta, alikuwa amekaa kwenye kochi. Akasema bila kuinua sauti, "Huyo akisema nitaangalia, mdogo wangu, ujue ameshafumba macho."

Mkutano ulifanyika mchana katika ukumbi wa shule ya msingi. Wazee na mama wa kitongoji walikalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mbele aliketi Mkurugenzi, mama mwenye sauti ya upole na subira fupi, na pembeni yake Bwana Miguu na karatasi zake. Picha za uwanja zilioneshwa ukutani. Mkurugenzi akatua kwenye moja yenye nguzo ya taa iliyoinama hadi karibu kulala.

"Tazameni wenyewe. Hiki ndicho kinachotokea mahali pakitelekezwa. Hata nguzo zinakata tamaa."

Watu wakacheka kidogo. Bwana Miguu hakucheka, maana nguzo ile alikuwa anaijua kwa karibu sana.

Shemeji akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kwendea harusini.

"Mimi nafundisha udereva pale," akasema. "Miaka sasa. Pale pana watu kila siku."

"Hesabu yetu haikuona mtu, mama," akajibu Mkurugenzi. "Yupo mwanafunzi wako hapa, asimame atuambie?"

Shemeji akatazama ukumbi. Kisha akamtazama Bwana Miguu. Haukuwa mtazamo wa kushtaki, ulikuwa wa mtu anayefungua mlango na kusimama kando. Bwana Miguu akainamisha kichwa, akaanza kupanga karatasi zake, ambazo zilikuwa zimepangika tangu asubuhi.

"Wanafunzi wangu ni watu wazima," shemeji akasema polepole. "Wanakuja kwangu kwa sababu pale hawaonekani. Nimewaahidi. Siwezi kumtaja mtu."

"Basi ndugu zangu, tutaandika kwamba hayupo."

Shemeji akaketi. Dawati lilikuwa dogo, ilimbidi ajikunje. Mkurugenzi akageuka. "Na mtaalamu wetu, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Uwanja ule una matumizi yoyote?"

Bwana Miguu akasafisha koo. "Kwa mujibu wa utaratibu wa hesabu uliotumika, na kwa kuzingatia vigezo vya kuingia na kutoka..." Akaisikia sauti yake mwenyewe inavyokwenda, laini, imepakwa mafuta, haigusi kitu. Akaona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakamuwaka. Akasimama, karatasi zikamwagika.

"Unatumika," akasema. "Mimi ni mwanafunzi wake. Siku ya hesabu nilikuwa ndani, nimejificha chini ya usukani."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Lakini hawakumcheka kama alivyodhani. Walikuwa hawamwamini.

"Bwana Miguu!" Mkurugenzi akasema kwa huruma. "Tunajua huyu ni shemeji yako. Ni vizuri mtu kuipenda familia. Lakini wewe ni mtu wa msimamo, usijidhalilishe kwa uongo."

Yaani hata aibu yake waliikataa! Akiwa amekusanya ujasiri wa maisha mazima ili auvue ule ushujaa wa bandia, watu walikuwa wanamvisha tena, wanamfunga na vifungo. Mwanamume mmoja nyuma alianza hata kupiga makofi.

"Sina msimamo!" Bwana Miguu akapaza sauti. "Naogopa gari! Nimeogopa tangu ujana! Hiyo nguzo hapo ukutani haikutelekezwa na mtu, nimeigonga mimi, nikirudi nyuma nikidhani naenda mbele! Na kwenye ripoti nikaandika uchakavu!"

Makofi yakakatika. Mkurugenzi akaitazama nguzo, akamtazama mtu wake, akaitazama tena nguzo. Safari hii kicheko kilipokuja kilikuwa cha kumcheka Bwana Miguu, halali yake kabisa, na kiliendelea mpaka mama mmoja akateleza kwenye dawati.

Katikati ya kicheko hicho yule bibi aliyeachiwa gari na marehemu mumewe akanyoosha mkono. Akasema na yeye husoma pale, na kwamba yeye hajagonga kitu. Baada yake akasimama mwanamume mwenye suti, kisha mkunga wa zahanati. Mkurugenzi, ambaye upole wake ulikuwa umekwisha, akaamuru hesabu irudiwe, jioni, na anayezunguka naye ahesabiwe, na uwanja usiguswe mpaka papatikane pa kuwahamishia wenyewe au mchoro ubadilishwe. Bwana Miguu akae mbali na hesabu hiyo.

Alitoka nje akiwa mwepesi. Kicheko kimemwosha, alijiona. Njia nzima ya kuelekea kwenye gari la shemeji alikuwa anatayarisha jibu la kiungwana kwa shukrani zitakazokuja: ah, shemeji, ni wajibu tu.

Shemeji alikuwa ameegemea mlango wa gari. Hakushukuru.

"Nilikutazama," akasema. "Nikasimama pale mbele na gauni langu, nikaulizwa mwanafunzi wako ni nani, nikakutazama. Ukapanga karatasi."

"Lakini mwishowe nimesema, shemeji."

"Umesema ulipoulizwa wewe. Nilipoulizwa mimi ulinyamaza." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi siri yako niliibeba, na ingenigharimu riziki ya wanangu, na bado ningeibeba. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

"Kuchekwa."

"Wamekucheka. Imeuma?"

Akafikiri, akataka kusema kweli angalau mara ya pili kwa siku moja. "Si sana."

"Basi ulikuwa tayari kuniuza kwa kitu kisichouma sana."

Shemeji akafuta uso kwa kiganja, akazunguka gari.

"Ingia," akasema. "Dada anangoja. Naendesha mimi."

Akaingia, akafunga mkanda, akaweka mikono magotini. Alitaka sana kuuliza kama kesho kuna somo, lakini hakuthubutu.