Makochi ya Jirani

Serikali ilipotangaza kuwa maafisa wake watapita nyumba kwa nyumba kutafuta maskini wa kupewa ruzuku, mama yangu alijiandaa kupokea wageni. Mama ni dobi. Mikono yake imechubuka kwa sabuni, na kila mche wa sabuni anaonunua una kodi ndani yake. Lakini asubuhi hiyo aliazima makochi ya jirani, ambaye mumewe ana duka sokoni, akayafunika vitambaa vilivyopigwa pasi.

"Mama, hawa wanakuja kutazama umaskini," nilimwambia.

"Mgeni hakalishwi chini, mwanangu. Hata awe serikali."

Basi maafisa wakaketi, wakasifu usafi, wakaaga. Wakaingia kwa jirani, wakamkuta kajikalia mkekani kwenye sebule tupu, wakamwandika yeye.

Tangu hapo jirani anakula ruzuku, na mama anamfulia mapazia. Nilitaka kwenda kumshtaki. Mama akanikataza, eti jirani hakudanganya, makochi yake si yalikuwa kwetu? Hadi leo najuta kwamba sikuyatupa nje yale makochi kwa mikono yangu.

Juzi tukasikia maafisa wanarudi kukagua upya. Nikatoka kazini mbio kumuwahi mama asiende kuazima tena. Nilimkuta mlangoni, uso umemchangamka.

"Uone ujirani mwema, mwanangu," alisema. "Safari hii hata sijaomba, kayaleta mwenyewe."